Skrini Nyeusi, CD za Posta na Mgao wa Umeme: Stori ya Linux Pwani Ambayo Hukusimuliwa

Wadau, leo tuachane kidogo na nani kamfuta nani Instagram. Umbea upo tu, haukimbii. Leo nawaletea historia ya kitu ambacho kila aliyekipitia anakumbuka siku yake ya kwanza: skrini nyeusi, maandishi meupe, kishale kinawaka-zima, kinawaka-zima, halafu hakuna kinachoendelea.

Naongelea Linux. Na kabla hujaskroli kwenda kwenye stori nyingine, simu ya Android uliyoshika hapo inatembea na Linux ndani yake. Kwa hiyo hii stori ni yako pia, utake usitake. Kama kawaida yetu hapa, watu wa mtaani hatuwataji majina. Wale wa dunia tutawataja, maana hawajajificha.

Tulianza kwa kupigwa marufuku

Watoto wa 2000 hili hawaliamini, ila lipo. Kompyuta ya kwanza nchini iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilipofika 1974, baada ya mahesabu ya serikali kuvurugika na hela kupotea kwenye mradi wa kompyuta, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni nazo zikaingia kwenye marufuku hiyo hiyo. Ndiyo maana Zanzibar walikuwa wanaangalia TV ya rangi miaka ya sabini wakati huku bara watu wamesubiri mpaka 1994.

Sasa fikiria. Agosti 1991 kijana wa chuo wa Kifini, Linus Torvalds, anatangaza kwamba anaandika mfumo wake wa kompyuta kama kitu cha kujifurahisha tu, hapa kwetu kompyuta bado ni kitu cha ofisi ya mkubwa, kimefunikwa kitambaa kisiingie vumbi. Bagamoyo, mji uliokuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891, miaka mia baadaye hata kupiga simu ya Dar ilikuwa shughuli. Hatukuchelewa kwa uzembe. Mlango ulikuwa umefungwa.

CD kutoka ng'ambo, bila senti tano

Mlango ulifunguka kwa njia ya posta, na hapa ndipo stori inapokuwa tamu.

Tarehe 20 Oktoba 2004 lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu. Mwenye mradi ni Mark Shuttleworth, Msauzi aliyeuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 kwa dola milioni 575 hivi, akaenda anga za juu mwaka 2002 kwa roketi ya Warusi, akarudi akaamua kugawa mfumo wa kompyuta bure. Jina lenyewe sisi hatukuhitaji tafsiri. Wazungu waliandikiwa aya nzima kuelezwa ubuntu ni nini. Mswahili anasikia tu ni ndugu wa utu, basi, yamekwisha. Toleo la kwanza walilipa jina la ngiri mwenye chunjua. Usiniulize kwa nini.

Jamaa pia alikuwa na kiburi kizuri. Kasoro namba 1 kwenye orodha ya kasoro za Ubuntu aliiandika mwenyewe mwaka 2004: kwamba Microsoft ndiyo imeshika soko. Akaifunga Mei 2013, akisema simu na tableti zimeshabadilisha mambo.

Utamu wenyewe ni huu: kulikuwa na huduma inaitwa ShipIt. Ulijaza jina lako na S.L.P., wakakutumia CD mpaka posta ya mji wako, bila kulipa hata stempu. Wiki kadhaa baadaye unapata kikaratasi, unaenda dirishani, unapewa bahasha ya ng'ambo yenye jina lako. Kwa kijana wa Bagamoyo au Bunju wa mwaka 2006, hicho kilikuwa cheo. Matoleo ya mwanzo yalikuja na CD mbili, moja ya kuwasha na kuonja bila kugusa diski yako, nyingine ya kusakinisha. Tangu Juni 2006 zikaunganishwa kuwa moja.

Kwa nini isiwe kupakua? Piga hesabu. CD ni kama MB 700. Kwa modem ya simu ya mezani ya kilobiti 56 kwa sekunde, hiyo ni saa 28 mfululizo, na hapo nimechukulia laini haijakatika. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar Julai 2009. Kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa inapumulia setilaiti, bei ya moto, spidi ya konokono. ShipIt yenyewe ilifungwa Aprili 2011, na kwa kweli ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Inawaka, ila haiimbi

Vita ya kwanza ya Linux mitaani haikuwa ya kitaalamu. Ilikuwa ya muziki.

Kumbuka ni miaka gani hiyo. Bongo fleva imekolea, nyimbo zinahama kwa flashi na CD za mp3 zilizochomwa stationery. Unaweka Ubuntu, inawaka vizuri, rangi yake ya kahawia, unabofya wimbo... kimya. Kisa? Mp3 ilikuwa na hataza, na Ubuntu haikutaka kuibeba kwenye CD yake. Ilikuwa unatakiwa uingie mtandaoni upakue vipande vya kuchezea muziki. Mtandao wenyewe unaupata wapi? Modem nyingi za ndani ya kompyuta za wakati ule zilitengenezwa zikitegemea Windows kwa kila kitu, kwa hiyo Linux haikuziona kabisa.

Basi ikawa safari. Unaenda Dar na flashi kwa mshikaji wa chuo, unapakua faili, unarudi kilomita 70, unasakinisha, kompyuta inakujibu kwamba faili hilo linahitaji lingine. Unapanda gari tena. Kuna jamaa hapa mjini aliifanya safari hiyo mara tatu kwa ajili ya kusikiliza nyimbo alizokuwa nazo tayari. Mara ya nne alijanjaruka, akabeba VLC na ndugu zake wote. Watu kama yeye ndio waliofurahia APTonCD, programu iliyokusanya vifurushi vyako vyote kwenye diski ukawapelekea wenzako. Mp3 yenyewe iliachiwa Aprili 2017, Fraunhofer ya Ujerumani iliposimamisha leseni zake. Miaka 13 ya ugomvi, ikaisha kimya kimya.

Halafu zikaja modem za USB za Huawei, zile zilizouzwa na kila kampuni ya simu. Unachomeka, Linux inasema umeweka CD. Na kweli, modem ilikuwa inajifanya CD kwanza ili iipe Windows programu zake, ndiyo igeuke kuwa modem. Mtu aliyeandika usb_modeswitch, programu ya kuilazimisha igeuke, alistahili kupewa nyama ya mbuzi na kila mtu wa Pwani.

Jambo OpenOffice: tulichokuwa nacho tukakiacha

Hapa nitatulia kidogo maana panauma.

Mwaka ule ule wa 2004, mwishoni, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ndogo ya Sweden inaitwa IT+46 walitoa Jambo OpenOffice. Programu nzima ya kuandika barua na kupiga mahesabu, kwa Kiswahili. Mradi uliitwa Kilinux. Bure, halali, unanakili unavyotaka. Haikuwa zawadi iliyotoka nje ikiwa imeshafungwa. Istilahi zilikaliwa vikao hapa hapa.

Na vikao vya istilahi si mchezo. Kompyuta au tarakilishi au ngamizi? Wengine wanataka neno la asili, wengine wanasema neno la asili ni lile watu wanalotumia. Mimi msimamo wangu ni wa Pwani: mji huu ulichukua meza kwa Mreno, kalamu kwa Mwarabu na shule kwa Mjerumani, na hakuna aliyekufa. Kompyuta ibaki kompyuta. Ila kuna sehemu Kiswahili kiliwapiga Wazungu bao. Wao wana neno moja tu kwa kitu kisicholipiwa na kitu chenye uhuru, ndiyo maana Richard Stallman, aliyeanzisha harakati za GNU mwaka 1983, ametumia maisha yake kueleza kwamba hazungumzii bei. Sisi tuna bure na tuna huru. Tukaongeza programu huria juu yake, tukamaliza.

Watu wa kompyuta waliicheka Jambo OpenOffice. "Nani atabofya Hariri?" Hao hao leo wanafungua WhatsApp wanabonyeza Mipangilio bila kushtuka. Microsoft nao hawakucheka. Miaka hiyo hiyo walitangaza kifurushi cha Kiswahili cha Windows XP. Ukiona mkubwa anakimbia, jua kuna kitu nyuma yake.

Kwa nini ikapotea sasa? Kwa maoni yangu, tafsiri ya programu ni kama mkeka, ukiacha kuushona unafumuka. OpenOffice 2.0 ilitoka Oktoba 2005 na maneno mapya kibao. Kila toleo linataka mtu akae tena. Mradi una mwanzo na mwisho wa fedha, programu haina mwisho. Mwaka 2010 Oracle wakainunua Sun, wenye OpenOffice, na Septemba mwaka huo waandishi wake wengi wakahama kwenda kuanzisha LibreOffice. Walioanza na Kiswahili wakawa wameachwa kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Kwa nini haiwaki

Haya, turudi kwenye skrini nyeusi. Niwaeleze kwa lugha ya mtaani kwetu.

Mnakumbuka mpiga ngoma wa daku? Mji umelala, yeye ndiye wa kwanza kuamka, anapita kugonga. Hapiki, hasalishi, kazi yake ni kuamsha anayepika. Kompyuta za zamani zilikuwa hivyo hivyo. Ukiwasha, BIOS inasoma mwanzo kabisa wa diski, baiti 512 tu. Kati ya hizo, 446 ndiyo programu ya mpiga ngoma. 64 ni ramani ya diski. 2 za mwisho ni muhuri. Baiti 446 ni pungufu ya hii aya unayosoma. Huyo anamuamsha GRUB, GRUB anaamsha kiini cha Linux, kiini kinaamsha kila mtu aliyebaki ndani.

Kabla ya GRUB kulikuwa na LILO, na huyu alikuwa na tabia moja naipenda mpaka kesho. Alikuwa anaandika jina lake herufi moja moja kadiri anavyofanikiwa. Ukiona L tu, kakwama mlangoni. Ukiona LI, hatua ya pili ilipakiwa ikashindwa kuendeshwa. LIL, kaanza ila hasomi orodha yake. LILO kamili, umepona. Fundi mzuri aligundua ugonjwa kwa kuhesabu herufi. Ila alikuwa mkali: hakujua faili kwa majina, alikariri sehemu lilipokaa kwenye diski. Ukibadilisha kiini ukasahau kumwambia upya, anakwenda kugonga nyumba iliyohama.

Sasa angalia msiba unapotokea. Mtu ana Windows na Linux kwenye kompyuta moja. Windows inaharibika kwa virusi (miaka ile virusi vya flashi vilikuwa kama mafua), anampelekea fundi. Fundi anaweka Windows upya. Windows ikiingia inaweka mpiga ngoma wake, ambaye anajua nyumba moja tu. Linux imelala salama, hakuna wa kuiamsha. Mwenye mashine anaona Linux haipo, fundi anasema "hiyo diski imekufa, tufomati." Na ndani kulikuwa na ripoti ya fildi ya mwanafunzi, au hesabu za duka za mwaka mzima, au picha za harusi. Vitu vya watu vimefutwa kwa sababu ya baiti 446 ambazo zilirudishika kwa dakika kumi na CD ya posta. Hilo ndilo lililokuwa linanitia hasira, siyo Windows wala Linux. Ni lile neno "tufomati" lilivyokuwa jepesi mdomoni.

Ndiyo maana kanuni ya wazee ikawa: Windows kwanza, Linux baadaye. Na ukikutana na maandishi `grub rescue>`, usikimbie. Andika `ls` uone vipande vya diski, tafuta chenye folda ya /boot/grub, tuseme ni (hd0,msdos5), kisha:

`set root=(hd0,msdos5)`
`set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub`
`insmod normal`
`normal`

Ikiwaka, ukiwa ndani piga `sudo update-grub` na `sudo grub-install /dev/sda` (hakikisha sda ndiyo diski yako) kumrudisha mpiga ngoma moja kwa moja. Hii ni kwa mashine za mtindo wa zamani. Zenye UEFI namba za vipande husomeka gpt na njia yake inatofautiana kidogo.

Mgao

Ukiwauliza watu wa Ulaya Linux yao iliharibikaje, watakwambia walicheza na mipangilio. Sisi? Umeme.

Mgao wa 2006, ukame umekausha Mtera. Mgao wa 2011, jenereta kila kona, stationery zinanuka petroli. Kompyuta ya mezani haina betri. Uko katikati ya kuhifadhi, tap, giza. Diski ilikuwa inaandika, imeachwa na sentensi nusu.

Linux za zamani zilitumia mpangilio wa ext2, na baada ya umeme kukatika ilibidi zikague diski nzima, faili kwa faili, ndiyo ziwake. Diski kubwa, unaenda kunywa chai na kitumbua unarudi bado inahesabu, na kabla haijamaliza umeme unakatika tena! Ext3, iliyoingia kwenye kiini Novemba 2001, ilileta daftari: kabla ya kubadilisha kitu inaandika kwanza inataka kufanya nini. Umeme ukirudi inasoma daftari, inamalizia au inafuta, inaendelea. Sidhani kama waliobuni walikuwa wanatufikiria sisi, ila ilikuwa kama wametushonea.

Hata hivyo siku zingine inagoma, inakutupa kwenye neno `(initramfs)` na kukwambia kuna sehemu ya diski inahitaji kukaguliwa kwa mkono. Maana yake mfumo umeamka nusu. Itakutajia sehemu yenyewe, mfano /dev/sda2. Unaandika `fsck -y /dev/sda2`, unasubiri, kisha `reboot`. Mara nyingi inarudi. Ikirudia kila wiki na umeme haujakatika, hapo diski inakuaga, hamisha vitu vyako leo, usisubiri Jumamosi.

Simba na Yanga za Linux

Ugomvi mwingine nitaupitia haraka maana ukianza hauishi. Aprili 2011 Ubuntu walileta sura mpya, Unity, watu wakanuna wakahamia Mint. Miaka sita baadaye, Aprili 2017, Ubuntu wenyewe wakatangaza kuiacha. Februari 2014 kamati ya Debian ikapiga kura kuhusu programu ya kwanza kuamka baada ya kiini, wakatoka sare, mwenyekiti akatumia kura yake ya turufu, systemd ikashinda. Walioshindwa wakajitenga wakaanzisha Devuan mwaka huo huo. Nimesoma hoja za pande zote, na kwa mtu wa kawaida tofauti kubwa ni kwamba sasa ukipiga `journalctl -b -1` unaona nini kilitokea mara ya mwisho ilipogoma. Kwa nchi ya mgao, mimi hiyo naichukua.

Na sasa hivi, Kariakoo

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptop ngapi za mtumba unazoziona Kariakoo, Makumbusho na Tegeta ni kizazi cha 4, 5, 6? Nzima, RAM 8, kioo safi, ila kwa Microsoft zimeshazikwa. Kwa Linux zina miaka mingi ya kuishi.

Ila mpiga ngoma wa siku hizi si yule wa zamani. Tangu Windows 8, mwaka 2012, mashine zinakuja na Secure Boot: anayeamsha lazima awe na saini. Ubuntu na Mint zinawaka na saini, kwa hiyo usikimbilie kuizima. Mbili muhimu zaidi: kama laptop ina BitLocker, chukua ufunguo wake wa kurejesha kabla hujagusa chochote, la sivyo utajifungia nje na vitu vyako vikiwa ndani. Na zima Fast Startup ya Windows, maana nayo haizimiki kabisa, inasinzia tu, na Linux ikikuta diski inasinzia itakataa kuandika juu yake.

Ukienda kununua, beba flashi yenye Linux. Kabla ya kutoa hela iwashe hapo hapo dukani kutokea kwenye flashi, F12 au Esc kutegemea na mashine. Angalia Wi-Fi inashika, sauti inatoka, kamera inaona, betri inasoma asilimia ngapi. Dakika tano. Muuzaji akikataa usiiwashe, rudisha laptop mezani, duka la pili liko hatua tatu mbele.

Na wewe ambaye bado una ile CD ya posta ndani ya kabati la mama, tupia picha kwenye komenti. Tunajua mpo.